Mita Tano Kutoka Lami

Alikuja kijana wa chuo, Changawa jina lake,
na kekee ya kuchimbia na mifuko ya karatasi.
Akapima kwa futi kutoka lami hadi tuta langu la kwanza,
akaandika kwa kalamu nene:
MSABAHA, BARABARANI. MITA TANO.
Sijawahi kuona udongo ukipewa jina
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Akapita matuta yote, akapita choo,
akapita mnazi uliokatika kichwa,
hadi nyasi zilipoungua mwezi wa Februari,
moto ulipotoka msituni ukaja kututazama.
Akachota jivu, na kilicho chini ya jivu.
MSABAHA, MOTONI.
Nikamwambia, huko motoni hatujafika bado, mwanangu.
Tukacheka. Lakini hakufuta.

Shamba langu ndilo hilo:
lililobaki kati ya mifuko miwili.

Siku ile tuliupiga moto kwa matawi ya mkorosho,
mimi na Mbeyu na wanawe, tukatema mate meusi hadi alfajiri.
Ulikula mikambi, ukala uzio,
ukala na rundo la matairi makuukuu ya fundi Ngowa,
na hayo yaliwaka siku tatu, moshi mzito kama uji.
Mbeyu akasema, si neno, jivu ni mbolea.
Nikaitikia. Mama alisema hivyo, na mamake mama.
Na mvua ya kwanza mchicha ukanitoka kwa fujo,
majani kama masikio ya ndovu,
mafungu arobaini kwa siku,
na mimi nikishukuru.

Lami nayo niliipenda.
Malori ya chumvi ya Gongoni, mabasi, tuktuk,
wote wateja wangu, wote hupunguza mwendo kwenye tuta.
Tairi huja na meno, huondoka kipara.
Miaka kumi na tisa nimekaa hapa nikitazama,
sikuwahi kujiuliza:
meno yale hubaki wapi?

Wiki ya saba Changawa akarudi na karatasi.
Zinki ya matairi. Shaba ya breki.
Risasi, ile ya petroli ya zamani
iliyopigwa marufuku yeye hajaanza shule,
bado ipo, haijahama, haina nauli.
Na masizi yenye majina marefu kuliko ya Wataliano wa Casuarina,
yako huku barabarani, yako na kule motoni,
kama ndugu waliokutana kwangu bila kualikwa.
Tena kuna kromiamu, akasema,
ilikuwa imelala udongoni haina neno na mtu,
moto ukiigusa hubadilika tabia.
Kama marehemu baba Dzombo akishaonja mnazi, nikasema.
Safari hii hakucheka.

Niambie kwa mdomo, si kwa karatasi: nile, nisile?
Akatazama viatu vyake.
Si nyingi ya kuua, mama. Si chache ya kusahau.
Osha sana. Karibu na lami usipande majani, panda mahindi.
Nisogee nyuma?
Nyuma kuna jivu.

Nikamkumbuka Haluwa, kila Jumanne,
fungu moja la kumpondea mwanawe anayeachishwa ziwa.
Mimi ndiye niliyemwambia: mpe, huongeza damu.

Jioni nikang'oa tuta la kwanza lote.
Kisha nikasimama nalo mikononi, mizizi ikidondosha mchanga.
Nikitupa, mbuzi wa Mbeyu atakula.
Nikifukia, nimerudisha.
Nikichoma…

Probox ikasimama, injini ikinguruma,
dereva akatoa mkono na noti ya mia.
Mama, huo mchicha bei gani?

Zima gari kwanza, nikamwambia.
Hakunisikia.